Ndiyo, Nimeweka Shoki za Kizee

"Msee, hiyo ni pikipiki ama ni makumbusho?"

Niliulizwa hivyo Jumapili moja pale uwanja wa motocross wa Jamhuri, Nairobi, na jamaa aliyekuwa ameegemea pikapu, glavu zake zikinuka upya wa dukani, macho yakiwa kwenye gurudumu langu la mbele. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, maana pale usipocheka utaonekana umeumia. Kisha nikavaa helmeti haraka, nikawasha, nikaenda zangu. Jibu lilinijia nikiwa barabarani nikirudi nyumbani, kama kawaida ya majibu yote mazuri. Kwa hivyo nalitoa hapa, na najua ni refu.

Kilichomchekesha ni hiki. Pikipiki yangu ni ya mwaka 2010, injini ya 250. Lakini shoki za mbele, zile wajuaji huziita foku, nimezitoa kwenye Suzuki RM250 ya 1997. Tena si za mtindo ule unaouona kwenye kila pikipiki ya mashindano siku hizi. Ni za kawaida, mtindo wa zamani. Kwa macho ya yule jamaa, nilikuwa nimevaa suti mpya na viatu vya babu.

Ninachodai ni rahisi kusema. Pikipiki nzuri si ile iliyo mpya kuliko nyingine zote. Pikipiki nzuri ni ile ambayo ikiharibika Jumapili, Jumapili inayofuata uko juu yake tena. Mengine yote ni picha za kuweka kwenye simu.

Ukitaka kuelewa ninachozungumzia, hauhitaji kuja uwanjani. Angalia boda itakayokupeleka nyumbani leo jioni, iwe Boxer au TVS. Mbele kuna miguu miwili. Juu, karibu na taa, ni bomba jembamba linalong'aa. Chini, karibu na gurudumu, ni bomba nene. Jembamba linaingia ndani ya nene, na humo ndani kuna springi na mafuta. Hiyo ndiyo shoki ya kawaida. Sasa ichukue uipindue kichwa chini: bomba nene liende juu, lile jembamba linalong'aa lije chini, huku kwenye mawe na matope. Hizo ndizo shoki za kisasa za motocross. Mimi naziita za kichwa-chini.

Sitaki kuwaonea. Zilipinduliwa kwa sababu ya maana. Bomba nene likiwa juu, ndipo linaposhikwa na vibanio vya usukani, na hapo ndipo nguvu ya kupinda huwa kubwa zaidi unapotua kutoka angani. Kwa hivyo sehemu ya mbele inakuwa imara, haipindiki ovyo. Isitoshe, shoki ya kawaida ina kisigino kinachoning'inia chini ya ekseli, na kisigino hicho hukwama kwenye mifereji ya matope. Ile ya kichwa-chini haina kisigino cha namna hiyo. Kwa mtu anayeruka mita ishirini na kutua vibaya mara kumi katika mzunguko mmoja, tofauti ipo na anaisikia mikononi. Nakubali yote hayo.

Swali langu ni moja: wewe unaruka mita ishirini?

Mimi siruki. Ninaendesha Jumapili, nikipata mafuta. Na zile shoki za kichwa-chini zilizokuja na pikipiki yangu zilinifunza somo kwa bei ghali. Lile bomba linalong'aa limepakwa kromu, na mdomo wa sili unapita juu ya kromu hiyo kila unapopanda na kushuka. Kromu ikipata kovu dogo tu, dogo kuliko chembe ya sukari, kovu hilo linageuka kisu. Linakata sili. Unabadilisha sili, linakata tena. Na kwa kuwa sili iko chini ya bomba nene, mafuta hayana pa kukaa. Yanashuka yote kwa mguu hadi kwenye diski ya breki. Siku ya kwanza nilijua nina tatizo niliposhika breki ya mbele na pikipiki ikaendelea kama haikunisikia.

Najua utaniambia kuna kinga za plastiki. Zilikuwepo. Jiwe lilipita kando, tope likajaa nyuma ya plastiki, likakauka, likawa msasa. Utaniambia ningenunua mabomba mapya. Niliuliza. Kuyaagiza mawili kutoka nje, na usafiri na ushuru, ingekuwa zaidi ya shilingi 90,000, na nisubiri. Utaniambia ningetafuta yaliyotumika hapa hapa. Nilitafuta kuanzia Kirinyaga Road hadi kwa watu wanaouziana pikipiki kwa simu. Kila jozi niliyoonyeshwa ilikuwa na makovu yale yale mahali pale pale, kwa sababu zote zimepita kwenye mawe yale yale.

Pikipiki ikakaa miezi saba chini ya turubai. Na hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa la vyuma. Binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne, ndiye niliyekuwa nikimfundisha. Mwezi wa kwanza alikuwa akija kila Jumamosi kuuliza, "Bro, imepona?" Mwezi wa tatu alikuwa akiuliza kwa simu. Mwezi wa tano aliacha kuuliza. Mtoto akiacha kuuliza, ujue amejibiwa. Amejibiwa kwamba mchezo huu si wa watu kama sisi.

Hilo ndilo linaloniudhi katika kile kicheko cha Jamhuri. Kicheko kile ni lango. Ukiambiwa kwamba pikipiki halali ni ile yenye vipuri ambavyo haviwezi kutengenezwa hapa, umeambiwa kwa adabu kwamba ukae nje ya uzio na utazame. Kisha tunashangaa kwa nini sura uwanjani ni zile zile mwaka hadi mwaka, ilhali mji mzima umejaa vijana wa boda wanaopita kwenye matuta, mitaro na mvua na abiria wawili mgongoni. Vijana wanaojua kuendesha tunao. Tulichokosa ni mchezo unaokubali wanachoweza kumudu.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi tumefika mahali pabaya zaidi: tunajivunia kidonda chenyewe.

Tena huo "uzee" wenyewe ni uongo, na hapa ndipo ninapotaka wajuaji wanisikilize. Kampuni kubwa za Kijapani zilihamia shoki za kichwa-chini kwenye motocross mwishoni mwa miaka ya themanini, na kufikia mwanzo wa miaka ya tisini mtindo huo ulikuwa umeenea. Sawa. Lakini mwaka 1996 Suzuki iliziacha. RM125 na RM250 za 1996 hadi 1998 zilitoka kiwandani na shoki za kawaida za Showa, bomba la milimita 49, nene kuliko zile za kawaida za zamani. KTM nayo ilitumia za kawaida mwishoni mwa miaka hiyo hiyo. Hawa hawakuwa watu wa jua kali waliokosa vipuri. Ni viwanda vilivyokuwa na uwezo wa kuchagua, vikachagua. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba shoki inayopinda kidogo inameza mashimo madogo badala ya kuyapeleka kwenye viganja vya dereva.

Baadaye walirudi kwenye kichwa-chini, ni kweli. Suzuki yenyewe ilirudi 1999. Lakini hesabu miaka. Shoki zangu za "kizee" zilibuniwa baada ya zile za kwanza za "kisasa". Kwa hiyo anayezicheka kwa sababu ya umri hajui umri wake. Anacheka umbo. Na hadi leo, pikipiki za trials kama Beta na Sherco, zile zinazopanda majabali makubwa kuliko gari, zina modeli zinazotumia shoki za kawaida. Nenda ukawachekeshe na hao.

Nilipata yangu kwenye RM iliyokufa injini, imeegemezwa ukutani nyuma ya karakana, kuku wamelala kwenye tangi. Nikanunua sehemu ya mbele nzima kwa shilingi 28,000: shoki, vibanio vyote viwili, ekseli, gurudumu, breki na mpira wake. Nasisitiza: nzima. Hapo ndipo ninapogeuka kuwatazama watu wa upande wangu, kwa sababu nao wana makosa yao, na makosa yao huvunja shingo.

Kuna fundi wa aina ya "weka tu, itashika". Buda, haitashika. Vibanio vya shoki za kichwa-chini vimetobolewa kwa bomba nene. Ukijaza pengo kwa bati la kopo ili vibane bomba jembamba, umetengeneza mtego. Gurudumu la shoki moja na ekseli ya nyingine, breki ya hapa na diski ya pale, kila kimoja kimekaribia kuingia lakini hakijaingia: hayo ni mazishi yanayosubiri tarehe. Wanaotucheka hupata silaha zao kutoka kwa mafundi wa namna hii.

Mimi nilimpelekea mzee mmoja anayekereza vyuma Industrial Area. Alitazama ile mbele nzima mezani, akatazama fremu yangu, akauliza swali moja: "Kijana, umepima?"

"Bado, mzee."

"Basi nenda ukapime. Mimi sikerezi maneno."

Nikaenda nikapima. Kitu cha kwanza ni urefu, kutoka katikati ya ekseli hadi kibanio cha chini. Kwa namna RM ile ilivyokuwa imefungwa, shoki zake zilikuwa fupi kwa milimita 15 kuliko zangu za mwanzo. Milimita 15 inasikika kama mchezo. Lakini kati ya magurudumu ya pikipiki yangu kuna kama milimita 1,470. Shusha mbele kwa 15, na fremu nzima inainama zaidi ya nusu digrii. Usukani unakuwa mwepesi kugeuka, na kwenye mwendo wa kasi unaanza kutikisa kichwa kama mbuzi aliyeshikwa masikio. Dawa yake haikuwa pesa. Kwenye RM mabomba yalikuwa yamechomoza juu ya kibanio. Tukayashusha hadi yakawa sawa na ukingo wa kibanio cha juu, urefu ukarudi karibu kabisa na ule wa kiwandani.

Cha pili ni mhimili wa usukani, ule unaopita katikati ya shingo ya fremu. Wa RM haukulingana na beringi zangu. Juu tulipata beringi yenye kipenyo cha ndani cha mhimili na cha nje cha fremu. Chini hatukupata, mzee akakereza bushi ya chuma, akaipima mara tatu kabla ya kuigonga. Nilimwuliza kama si rahisi kuchomelea tu. Aliweka chini kalamu yake ya chaki.

"Hapa hatuchomelei. Ukichomelea hapa, siku itakayokatika hutaamka uulize kwa nini."

Cha tatu, na hiki ndicho wengi hukiruka: tulitoa springi zote mbili, tukarudisha shoki bila springi, tukasukuma mbele chini hadi mwisho kabisa. Shoki hizi husafiri kama milimita 300. Unataka kujua, ikifika mwisho, tairi linagusa nini. Letu liligusa boliti ya madigadi. Ingekuwa angani, tairi lingesimama ghafla na mimi ningeendelea na safari peke yangu. Tukakata boliti, tukasukuma tena, nafasi ya kidole ikapatikana. Kisha tukageuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kuona kama shoki zinagonga rejeta. Zilikaribia. Tukafunga boliti ya kuzuia usukani mapema kidogo.

Cha nne ni springi. RM ni ya injini ya viharusi viwili, nyepesi kuliko yangu, na aliyekuwa nayo nadhani alikuwa mwembamba kuliko mimi. Springi zilikuwa laini mno. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawaliamini hadi walione: ukikata kipande cha springi, haiwi laini zaidi, inakuwa ngumu zaidi. Mizunguko ikipungua, kila mmoja uliobaki unabeba kazi kubwa. Tukakata kidogo, tukajaza pengo kwa bushi ndefu, tukaongeza mafuta kiasi ili hewa ndani ipungue na shoki ikaze inapofika mwisho wa safari.

Kazi ya mzee na beringi ilinigharimu shilingi 9,500. Jumlisha mwenyewe. Halafu uweke kando ya ile 90,000 ya mabomba mawili.

Sasa, imekuwa bora kuliko ya kiwandani? Hapana. Sitakudanganya ili nishinde ubishi. Kwenye mfereji wenye kina, kile kisigino kinagusa, nimelazimika kujifunza kuchagua mstari mwingine. Nikitua vibaya nasikia mbele ikijipinda, kama mtu anayepumua ndani. Mtu wa kasi ya kweli ataona upungufu huo katika mzunguko wa kwanza, na kama wewe ni mtu huyo, tafadhali baki na zako. Lakini kwenye vijishimo vidogo vidogo, vile vinavyochosha mikono, pikipiki yangu sasa ni laini kuliko ilivyokuwa. Kromu iko juu, mbali na mawe, imevalishwa soksi ya mpira ambayo vumbi halipenyi. Na sili ikichoka, mafuta mengi yanabaki ndani ya mguu badala ya kuoga diski.

Ilichoka, kweli. Mwezi uliopita. Nilikuwa na sili za akiba, kwa sababu sili ni kitu cha kuweka mfukoni, si bomba la kromu la kuombea dua bandarini. Niliipeleka kwa kijana anayetengeneza boda pale stejini kwetu. Shoki kubwa vile hakuwa amewahi kuzishika, na ndani zina sehemu kadhaa zaidi ya za Boxer, kwa hiyo nilikaa naye tukaenda polepole. Lakini umbo alilijua. Mkono wake ulijua wapi pa kuanzia. Saa mbili usiku tulikuwa tumemaliza, tumekula chapati, na yeye ameniuliza mbio huwa siku gani.

Nadhani hilo ndilo swali ambalo mchezo huu ungepaswa kulisikia kila siku, na haulisikii kwa sababu tumejenga ukuta wa vipuri tukauita ubora. Sisemi kila mtu aweke shoki za 1997. Nasema tuache kumwaibisha aliyeweka. Mkague. Mwulize alipima urefu? Alitoa springi akasukuma hadi mwisho? Mhimili ulikerezwa au ulichomelewa? Ikiwa majibu ni mabaya, mzuie asiingie uwanjani, na nitakuwa nyuma yako nikikuunga mkono. Ikiwa ni mazuri, sogea kando apite. Kagua kazi, usikague mwaka.

Na wewe jamaa wa glavu mpya, kama unasoma hii, sina kinyongo. Ulitaka kujua kama ni pikipiki ama ni makumbusho. Vitu vya makumbusho huwekewa kamba, watoto wakaambiwa wasiguse. Pikipiki yangu, Jumamosi iliyopita, ilikuwa na binamu yangu juu yake. Ameanza tena kuuliza maswali. La mwisho lilikuwa, "Bro, na mimi nitafutie mbele kama hii?"

Nilimwambia aanze kwa kupima.